Lawama kwa kisu, kosa la gurudumu

Katika msimu wa 2009/10, hekta moja ya miwa nchini Brazili ilitoa kwa wastani zaidi ya tani 80. Misimu miwili baadaye wastani huo ulikuwa umeporomoka hadi takriban tani 67. Kwa nchi inayolima miwa mingi kuliko nyingine yoyote duniani, na ambayo mamilioni ya magari yake hutembelea ethanoli, huo ulikuwa mshtuko. Mwaka 2011 serikali ililazimika kupunguza ethanoli inayochanganywa kwenye petroli kutoka asilimia 25 hadi 20. Viwanda vilivyojengwa kwa mikopo vikawa vinasaga chini ya uwezo wake. Watu wakaanza kutafuta mchawi.

Hakuwa mbali. Katika miaka hiyohiyo mashamba ya jimbo la São Paulo, ambako ndiko kitovu cha miwa ya Brazili, yalikuwa yanaaga panga. Makundi ya wakata miwa waliozoea kuja kila msimu kutoka kaskazini mashariki mwa nchi na kutoka bonde la Jequitinhonha yalizidi kupungua. Mahali pao zikaingia mashine zenye uzito wa karibu tani 20 kila moja, zenye taa kubwa, zikivuna usiku na mchana. Mashine zimeingia, mavuno yameshuka. Nani angehitaji ushahidi zaidi?

Ushahidi ulikuwepo, ila ulielekeza vidole kila upande. Ukame uliipiga miwa mwaka 2010. Mwaka uliofuata jalidi iliunguza sehemu ya mashamba, na miwa mingine ikatoa maua kabla ya wakati, ambapo muwa ukishachanua huacha kurefuka. Nyuma ya hayo kulikuwa na msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, uliowakuta wenye viwanda wamekopa sana. Wakabana matumizi mahali ambapo hakuna mgeni angegundua: wakaacha kung'oa visiki vya zamani na kupanda miwa mipya. Mashamba yakazeeka.

Hata hivyo mashine haikuwa malaika. Ilikuwa na sehemu yake ya kosa, na inafaa sisi wa Afrika Mashariki tuijue sehemu hiyo vizuri, maana kila msimu wakata miwa wanapoadimika kuna mtu husimama mkutanoni akauliza kwa nini tusilete mashine. Wanaoipinga huilaumu kwa kisu chake. Wanaoitaka huisifu kwa kisu hichohicho. Mimi naona wote wanatazama mahali pasipo na shida kubwa.

Hesabu ya miaka mitano

Muwa haupandwi kila mwaka. Ukikatwa, kisiki kinachobaki ardhini huchipua tena, na maotea hayo yakikomaa hukatwa nayo, kisha hivyohivyo tena na tena. São Paulo wamezoea kuvuna kama mara tano kabla ya kung'oa. Kila vuno huwa pungufu kidogo kuliko lililotangulia, na si ajabu shamba lililoanza kwa tani zaidi ya 100 kwa hekta kufikia vuno la tano likiwa na tani 60 na kitu. Gharama kubwa kuliko zote ni ya kupanda: kulima, kununua mbegu, mbolea, vibarua. Kwa hiyo faida ya mkulima haikai kwenye vuno moja zuri. Inakaa kwenye idadi ya mara ambazo kisiki kitakubali kuchipua, na kwa nguvu gani.

Hapo ndipo panga na mashine hutofautiana. Mkata miwa huinama, huona kisiki kilipo, hukata usawa wa ardhi ambako utamu umejaa, hukata kilele kisicho na sukari na kukitupa. Kisha hutoka shambani kwa miguu, bila kuacha alama.

Mashine hufanya yote hayo kwa mkupuo mmoja. Mbele ina kisu kinachofyeka vilele. Chini zaidi kuna mihimili yenye mizunguko kama ya skrubu, inayoinua miwa iliyolala na kuisogeza katikati. Sahani mbili zenye visu, zinazozunguka karibu na ardhi, hukata mashina. Roli huivuta miwa ndani ikianzia upande wa mizizi, visu vingine huikatakata vipande vya urefu wa kiganja na zaidi, feni kubwa hufyonza majani na kuyatupa nyuma, kisha mkanda hupandisha vipande na kuvimwaga kwenye tela linalokwenda sambamba. Kwa siku hufanya kazi ya wakata miwa 80 hadi 100.

Visu vya chini ndivyo vinavyolaumiwa sana. Ni kweli kwamba vikigota udongo na mawe huwa butu, na kisu butu hakikati, huchana. Kisiki kilichochanika huoza, na kisiki kilicholegea hung'oka na mizizi yake. Ardhi ikiwa na mabonde na vilima, mashine hukata juu mno mahali fulani na kuacha sehemu tamu kuliko zote, kisha hatua chache mbele inachimba udongo na kuupeleka kiwandani pamoja na miwa. Lakini hayo yote yana dawa isiyo ghali. Kisu hubadilishwa ndani ya muda mfupi. Shamba husawazishwa kabla ya kupanda. Huchaguliwa aina za miwa zinazosimama wima. Meneja anayejali hupita nyuma ya mashine, akahesabu visiki vilivyochanika, akamwita dereva.

Hasara isiyoonekana

Feni ni habari nyingine, na Waaustralia ndio wanaoijua kuliko wote. Jimbo la Queensland lilianza kutengeneza mashine za kuvuna miwa mapema, ndugu wa familia ya Toft katika mji wa Bundaberg wakiwa miongoni mwa waasisi, na kufikia mwaka 1979 Australia ilikuwa nchi ya kwanza kuvuna miwa yake yote kwa mashine. Wamekuwa na muda mrefu wa kuyaona mazuri na mabaya yake.

Walichogundua ni kwamba feni inapoongezwa kasi ili kutoa majani yote, hufyonza pia vipande vya miwa. Vipande hivyo vikigonga mapanga ya feni havianguki chini vikaonekana. Husagika na kuwa unyevunyevu na nyuzi zinazopeperuka pamoja na majani. Mkulima akitembea shambani jioni huona shamba safi, akamsifu dereva. Watafiti walipochukua majani yale na kupima sukari iliyogandamana nayo, ndipo walipotambua kuwa tani kadhaa kwa hekta zilikuwa zinaishia hewani. Majaribio ya kupunguza mwendo wa mashine na kasi ya feni yamezirudisha.

Kwa nini basi si kila mtu anapunguza mwendo? Kwa sababu ya malipo. Queensland uvunaji hufanywa zaidi na wakandarasi, na kwa desturi mkandarasi hulipwa kwa tani. Anayelipwa kwa tani hukimbia. Akienda polepole, mafuta na saa za dereva ni zake, na sukari iliyookolewa ni ya mkulima. Mvutano huo umekuwapo miaka mingi na haujaisha, na wala hautokani na chuma. Umetokana na karatasi ya mkataba.

Kinachobaki chini

Sasa gurudumu. Mashine peke yake ina karibu tani 20. Pembeni yake kuna trekta linalovuta matela, na matela yakijaa msafara huo hupitisha zaidi ya tani 30 juu ya udongo. Miwa ya São Paulo kwa miaka mingi ilipandwa kwa nafasi ya mita 1.5 kati ya mstari na mstari. Umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia la mashine nyingi ni kama mita 1.8 au 1.9. Chukua kijiti ulichore mchangani utaona mwenyewe: magurudumu hayawezi kukaa katikati ya nafasi za miwa. Hupita karibu na visiki, na dereva akiyumba kidogo usiku wa manane, hupita juu yake. Jambo hilo hurudiwa kila vuno, kwa miaka mitano, kwenye shamba ambalo halitalimwa tena hadi visiki ving'olewe.

Udongo wenye afya umejaa vitundu. Humo ndimo hewa na maji hupita na mizizi hupenya. Ukishindiliwa, vitundu hufungwa. Maji ya mvua hutiririka juu badala ya kuzama, mizizi hujazana kwenye tabaka la juu, na chipukizi wa maotea hutoka wachache na dhaifu. Mwaka wa mvua nzuri mkulima anaweza asitambue kitu. Ukame ukija, muwa wenye mizizi mifupi ndio wa kwanza kukunja majani. Ndiyo maana naona si haki kuuliza kama mavuno ya Brazili yaliangushwa na ukame au na mashine. Ukame uliyakuta mashamba mengi yakiwa yamekwisha kunyang'anywa akiba yake ya chini.

Wauzaji hupenda kuonyesha matairi mapana na minyororo kama ya kifaru cha vita. Vinasaidia, lakini huko juu tu. Kina kirefu cha udongo hakijali upana wa tairi, hujali uzito wote uliobebwa na ekseli. Na sehemu kubwa ya ushindiliaji hutokea mara ya kwanza gurudumu linapopita, kwa hiyo kusema tutapita mara chache si utetezi mkubwa kama kila safari inapitia njia mpya.

Kinachoamua zaidi ni unyevu. Udongo mkavu hubeba mzigo, udongo mbichi hukandika kama unga wa chapati. Mkulima yeyote anajua kwamba siku ya mvua trekta lisiingie. Tatizo ni kwamba muwa uliokatwa vipande hauvumilii. Muwa mzima una ncha mbili tu zilizo wazi, lakini ukikatwakatwa una ncha nyingi, na bakteria aina ya Leuconostoc huingia kupitia kila mojawapo, hula sukari na kutengeneza utelezi unaokwamisha kazi ya kiwanda. Vipande vinatakiwa visagwe ndani ya saa chache, nusu siku hivi. Huwezi kuweka akiba ya siku mbili kiwandani ukasubiri shamba likauke. Kwa hiyo visu vinavyokatakata ndani ya mashine huishia kuyasukuma magurudumu yaingie shambani siku ambayo hayakupaswa kuingia. Mnyororo huo mtu haoni akitazama mashine imesimama kwenye maonyesho ya Nanenane.

Dawa ipo, na ni rahisi kuieleza kuliko kuitekeleza: magurudumu yapewe njia zao za kudumu, na miwa ipewe ardhi yake, visikutane. Mwaka 1993 Australia ilianzisha mpango wa pamoja wa utafiti baada ya kuona mavuno yamedumaa kwa miaka mingi. Mapendekezo yake yalikuwa kupanua nafasi ya mistari ilingane na magurudumu, kupunguza kulima, kupanda mikunde kabla ya kupanda miwa upya, na kuacha majani shambani. Wakulima wengi walinuna. Kupanua nafasi kutoka mita 1.5 hadi 1.8 machoni kwao kulikuwa kutupa ardhi. Majaribio yalionyesha kuwa muwa hujaza nafasi kwa kutoa machipukizi zaidi, hivyo hasara waliyoiogopa haikuwa kubwa hivyo. Brazili walichagua njia nyingine: wakaibakiza mita 1.5, wakatanua ekseli za matrekta na matela hadi mita 3 ili zipande juu ya mistari miwili, na wakafunga vifaa vya setilaiti vinavyomwongoza dereva kwa usahihi wa sentimita. Siku hizi zipo pia mashine zinazovuna mistari miwili kwa mpigo, na hivyo kupunguza nusu ya njia.

Moto ulipozimwa

Kuna upande ambao mashine imelipa shamba, na huo husahauliwa kwa sababu haukuwa lengo la kwanza. São Paulo haikuleta mashine kwa ajili ya mavuno. Ilizileta kwa ajili ya moshi. Miwa inayokatwa kwa panga huchomwa kwanza ili majani yaondoke, maana kukata mibichi hupunguza kazi ya mtu mmoja hadi karibu nusu. Miji ya huko ilichoka na masizi kwenye nguo zilizoanikwa na vifua vya watoto. Sheria ya mwaka 2002 ikaweka ratiba ya kukomesha uchomaji: mashamba yanayopitika kwa mashine, yaani yenye mwinuko usiozidi asilimia 12, yalipewa hadi 2021, mengine hadi 2031. Mwaka 2007 jimbo na wenye viwanda wakakubaliana kuharakisha, ikawa 2014 na 2017. Wakati huohuo habari za wakata miwa kuanguka na kufa mashambani, watu waliokuwa wakilipwa kwa tani na kukata 8 hadi 12 kwa siku, zilikuwa zimeitia nchi aibu. Maelfu walipoteza ajira hiyo mbaya bila kupewa iliyo nzuri, na baadhi tu waligeuka madereva na mafundi.

Moto ulipozimwa, tani 10 hadi 15 za majani makavu zikaanza kubaki kwenye kila hekta baada ya kuvuna. Majani hayo huzuia jua lisikaushe udongo, huzuia magugu, hupunguza mmomonyoko, na yakioza hurudisha rutuba ambayo zamani ilipaa na moshi. Kwenye maeneo makavu faida yake huonekana hata kwa macho: miwa iliyofunikwa hubaki kijani wiki kadhaa baada ya jirani yake kuanza kunyauka. Kwenye maeneo ya baridi na maji mengi hugeuka kero, kwani udongo haupati joto na machipukizi huchelewa.

Na majani yalileta mgeni. Mdudu Mahanarva fimbriolata, ambaye watoto wake hufyonza mizizi wakiwa wamejificha ndani ya povu jeupe, zamani mayai yake yaliungua kila msimu. Chini ya zulia bichi la majani akastawi. Wabrazili walimjibu kwa kuvu aina ya Metarhizium, ambao hukuzwa juu ya mchele uliopikwa kisha kunyunyizwa shambani. Napenda kisa hiki kuliko vingine vyote katika habari hii, kwa sababu hakuna aliyekitabiri. Waliokuwa wakibishana kuhusu masizi na ajira hawakujua kwamba moto ulikuwa ukifanya pia kazi ya kiuatilifu.

Msimu wa 2023/24 wastani wa Brazili ulipita tani 85 kwa hekta. Mvua zilikuwa nzuri, na hilo lisifichwe. Lakini karibu miwa yote ya São Paulo msimu huo ilikatwa kwa mashine.

Huku kwetu

Tanzania na Kenya, miwa mingi bado hukatwa kwa panga, na kwa hiyo tunadhani habari ya udongo kushindiliwa haituhusu bado. Inatuhusu. Muwa ukishakatwa na kulazwa, mashine ya kupakia huingia shambani, ikizungukazunguka kukusanya marundo, na trekta lenye tela huingia kuyabeba. Watafiti wa Afrika Kusini walishaandika tangu miaka ya 1980 jinsi magari ya kupakia yanavyopunguza mavuno ya maotea. Mwishoni mwa msimu mvua zinapoanza, nenda kwenye shamba lolote la mkulima mdogo utazame nyayo za tela. Tumepata hasara ya gurudumu kabla ya kupata faida ya mashine: moto tunachoma, majani hatubakizi, na udongo tunaushindilia.

Kwenye bonde la Kilombero sehemu kubwa ya miwa hutoka kwa wakulima wa nje, wenye vipande vya ekari chache chache. Magharibi mwa Kenya, tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, hali ni hiyohiyo, na urithi huzidi kuvigawa vipande hivyo kila kizazi. Mashine inataka mistari mirefu. Kwenye mstari mfupi hutumia muda mwingi ikigeuka kuliko ikikata, na kila inapogeuka hukanyaga miwa ya mtu. Haiwezekani kuileta kabla majirani hawajakubali kupanda aina moja, kwa mwelekeo mmoja, kwa tarehe moja, na kuvuna pamoja. Kilombero wamewahi kujaribu kuunganisha mashamba kwa namna hiyo, na anayejua ugomvi wa mipaka vijijini anajua kwamba kununua mashine ndiyo sehemu rahisi. Kisiwani Mauritius walitumia miongo kadhaa kuondoa mawe ya volkano mashambani ili mashine zipite. Sisi mawe yetu ni mipaka.

Halafu kuna foleni. Muwa mzima uliokatwa kwa panga hukaa juu ya lori nje ya kiwanda siku moja, mbili, ukapungua uzito na utamu lakini ukasagika. Vipande vya mashine vikikaa hivyo huchacha. Kiwanda kinachoshindwa leo kumaliza malori langoni kwake kabla ya jua kuzama hakijawa tayari kwa mashine, hata kama kina fedha ya kuinunua.

Waliopata hasara Brazili mwanzoni ni wale walioingiza mashine kwenye shamba lililopangwa kwa ajili ya panga, na baadhi wakazidisha kwa kupanda nako kwa mashine, ambako vipande vya mbegu viliumia hata ikabidi kutumia karibu mara mbili ya mbegu ya kawaida. Kama ni lazima tuige kitu, tuige mpangilio wao wa pili: nafasi za mistari na upana wa ekseli huamuliwa siku ya kupanda, miaka mitano kabla ya vuno la mwisho. Mkulima aliyepanda mwaka huu kwa nafasi ya mita 1.2 amekwisha kuamua, hata kama hajui.

Mkataba nao usisubiri. Mwenye mashine akilipwa kwa tani pekee, tumekwisha kuona Queensland atakavyoendesha. Anaweza kulipwa sehemu kwa hekta na sehemu kwa hali ya visiki anavyoviacha. Na kuna swali moja ambalo chama cha wakulima kingepaswa kuliuliza kabla ya kuuliza bei: asubuhi ambayo mvua imenyesha usiku kucha, kiwanda kinapiga simu kikitaka miwa na dereva ameshawasha injini, ni nani kati ya mkulima, mkandarasi na kiwanda mwenye mamlaka ya kusema leo mashine haiingii, na nani atalipia siku hiyo?